Waliokwenda vitani na hawakurejea: Tuna deni gani kwao?

Sifa njema zote zinamstahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba wake wote.



Kila ifikapo tarehe 25 Julai, taifa letu huadhimisha Siku ya Mashujaa. Viongozi huweka mkuki na ngao, upinde na mshale, sime na shada la maua kwenye mnara. Buruji hupigwa, na viongozi wa dini, akiwemo sheikh wetu, huomba dua. Sisi wa huku Newala huyasikiliza hayo redioni, kisha kila mtu hurudi kwenye mikorosho yake. Juma hili tumeona tuitumie safu yetu kuuliza swali ambalo redio haiwezi kutuulizia: katika nyumba yako, ni nani aliyekwenda vitani, na jina lake ni nani?

Tumeliuliza swali hilo baada ya sala, barazani na misibani. Karibu kila ukoo hapa una mtu wake. "Babu yetu alichukuliwa na Wajerumani." "Mjomba wa mama alikwenda Bama." "Kaka yetu mkubwa alikuwa Kagera." Lakini ukiuliza jina, wengi husita. Ukiuliza jina la baba yake, hunyamaza. Ukiuliza kama aliacha mke, watoto au deni, utaambiwa aliyekuwa akijua hayo ni bibi fulani, naye amekwishatangulia mbele ya haki. Hapo ndipo ilipo hofu yetu. Mtu hufa mara moja kwa ajali yake aliyoandikiwa. Lakini jina lake likisahaulika, hata wale wanaotaka kumwombea hawajui wamtaje nani.

Vita vilivyopita juu ya ardhi yetu

Vijana wetu wengi hudhani kwamba vita vikuu vya dunia vilikuwa mambo ya Ulaya. Ukweli ni kwamba vilipita hapa hapa tunapolima. Mwaka 1916 jeshi la Wareno lilivuka Mto Ruvuma, likapanda uwandani, na Oktoba likaiteka boma ya Newala. Kabla Novemba haijaisha, Wajerumani walikwishawazingira, wakawakatia maji na kuwarudisha ng'ambo. Anayeijua Newala anafahamu maana ya kukatiwa maji juu ya uwanda huu, ambapo tangu zamani mama zetu walishuka bondeni na kupanda tena kwa ajili ya ndoo moja.

Mwaka uliofuata, 1917, moto ulirudi ukiwa mkali zaidi. Katikati ya Oktoba palipiganwa Mahiwa, kati ya Lindi na Masasi, vita vya siku nne ambavyo wanahistoria huvihesabu miongoni mwa vikali kuliko vyote vya Afrika Mashariki. Waliokuwa pande zote mbili wengi wao walikuwa Waafrika. Mwishoni mwa Novemba, Jenerali von Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji, na kikosi cha mwenzake, Kapteni Tafel, kikasalimu amri huku huku kusini baada ya kuishiwa chakula.

Lakini askari walikuwa wachache tukiwalinganisha na wapagazi. Gari halikupita, na wanyama wa kubeba mizigo walikufa kwa ndorobo. Basi chakula, risasi na hata vipande vya mizinga vilipanda juu ya vichwa vya watu. Waingereza peke yao, kwa miaka yote ya vita hivyo, walikusanya wapagazi wanaokadiriwa kufikia 1,000,000 kutoka nchi mbalimbali. Wanahistoria wanakadiria kuwa waliokufa walikuwa karibu 100,000, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na tumbo la kuhara damu, homa, kichomi na njaa. Jina la mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam, ambako leo tunapeleka na kufuata bidhaa, limetokana na kikosi hicho cha wapagazi.

Vikaja Vita vya Pili. Vijana wetu wakaingia KEYA, wakapelekwa Uhabeshi, Madagaska na Bama. Tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama kwa muda usiofika hata dakika chache. Walikufa watu zaidi ya 1,200, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Hao kaburi lao ni bahari.

Baada ya hapo tukawa na vita vyetu wenyewe. Tangu Septemba 1964, ndugu zetu wa ng'ambo ya Ruvuma walipoanza kupigania uhuru wao, vijiji vya mpakani vilionja mabomu ya Wareno. Mwaka 1978 Idi Amin alivamia Kagera, na vijana wa kusini wakasafiri kutoka mwisho mmoja wa nchi hadi mwisho wa pili. Mamia ya waliokufa katika vita hivyo wamelala Kaboya, mkoani Kagera. Wengine walikufa Msumbiji katika miaka ya 1980, na makaburi ya mashujaa yapo hapo Naliendele, Mtwara, kwa atakaye kuzuru. Na msidhani mambo hayo yamekwisha. Julai 2013 askari wetu saba wa kulinda amani waliuawa Darfur, na Desemba 2017 wengine zaidi ya kumi wakauawa Semuliki, mashariki ya Kongo. Wajane wao wangali hai, na watoto wao wamo madarasani hivi leo.

Mnara usio na majina

Pale Dar es Salaam, katikati ya mji, ipo sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927. Ameinama na bunduki yake, na chini yake pana maandishi ya kuwasifu askari na wapagazi. Lakini hakuna jina la mtu hata mmoja. Waingereza walipokuwa wakiandika majina ya askari wao wazungu mmoja mmoja juu ya mawe, waliamua kwamba Waafrika watoshewe na mnara mmoja kwa wote. Aprili 2021 tume yao ya makaburi ya vita ilitoa ripoti na kukiri jambo hilo: kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa.

Tumeitaja ripoti hiyo ili tupate kujiuliza sisi wenyewe. Mkoloni hakuwaandika kwa sababu hakuwaona kuwa watu wa kuandikwa. Sisi je, ambao ni damu yao, tuna udhuru gani?

Je, ni mashahidi?

Hapa patatokea wa kuuliza, na swali lake ni la haki: watu hawa walipigana kwa ajili ya Mjerumani na Mwingereza. Wengine walikamatwa kwa kamba. Wengine walikwenda kwa mshahara. Vipi msikiti utawakumbuka?

Jibu letu ni kwamba kukumbuka si kutoa hukumu. Hatusemi "fulani ni shahidi" kwa kukata shauri, kwani nia zimo vifuani na Mwenye kuzijua ni Allah peke yake. Imekuja katika hadithi sahihi kwamba huko Khaybar maswahaba walimsifu mtu aliyeuawa kuwa ni shahidi, na Mtume (s.a.w.) akawakatalia, kwa ajili ya nguo aliyoiiba katika ngawira. Ikiwa maswahaba walifunzwa kuuzuia ulimi, sisi tunapaswa kuuzuia zaidi.

Hata hivyo, rehema ya Allah ni pana kuliko tunavyodhani. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) aliwahesabu miongoni mwa mashahidi aliyekufa kwa tauni, aliyekufa kwa maradhi ya tumbo, aliyezama majini na aliyeangukiwa na jengo, pamoja na aliyeuawa katika njia ya Allah. Wanavyuoni wameeleza kuwa hao wa mwanzo ni mashahidi kwa malipo ya Akhera, ingawa hapa duniani huoshwa na kusaliwa kama maiti wengine. Basi mfikirie mpagazi Muislamu wa uwanda huu, aliyekamatwa shambani kwake, akabeba mzigo wa watu asiowajua, akafa kwa tumbo njiani. Mfikirie na yule aliyezama katika Bahari ya Hindi. Hatukati hukumu juu yao, lakini tunamtarajia Mola wao kwa tamaa njema.

Na upo upande wa pili wa neno hilo, ambao sisi wa mpakani hatuwezi kuunyamazia. Tangu Oktoba 2017 Cabo Delgado, ng'ambo yetu, inaungua. Na Oktoba 2020 moto ule ulivuka mto ukafika Kitaya, Mtwara Vijijini, watu wakauawa na nyumba zikachomwa. Wapo wanaowanong'oneza vijana kwamba huko ndiko kwenye ushahidi. Enyi vijana wetu, anayeua wanakijiji na kuchoma ghala la mkulima hana anachokijua katika jihadi. Tunawakumbuka waliokufa vitani ili tujue vita hugharimu nini, na hatuwakumbuki ili mtu avitamani. Mtume (s.a.w.) mwenyewe amekataza kutamani kukutana na adui, na akaamrisha tumwombe Allah afya na salama.

Mtume aliwakumbuka vipi?

Katika mwaka wa 8 Hijria, habari za vita vya Muta zilipofika Madina, Mtume (s.a.w.) alikwenda nyumbani kwa Ja'far bin Abi Talib, ambaye alikuwa ameuawa. Aliwaita watoto wake, akawakumbatia, na macho yake yakatoka machozi. Kisha akaamrisha watu waiandalie familia ya Ja'far chakula, kwa kuwa wamefikwa na la kuwashughulisha. Baada ya siku tatu akawarudia, akamwita kinyozi awanyoe watoto wale, na mama yao alipolalamika juu ya uyatima wao, alimwambia kuwa yeye ndiye msimamizi wao duniani na Akhera.

Tazameni mpangilio huo. Machozi yalitangulia, kisha chakula, kisha malezi ya mayatima. Heshima ya marehemu ilianzia jikoni kwa mjane wake.

Tazameni tena kisa cha Jabir bin Abdillah. Baba yake aliuawa siku ya Uhud, akaacha mabinti na deni kubwa la tende. Jabir alimwendea Mtume (s.a.w.), naye akafika shambani, akaiombea mavuno baraka, na deni likalipwa lote. Katika hadithi iliyopokewa na Muslim tumefundishwa kwamba shahidi husamehewa kila kitu isipokuwa deni. Ikiwa aliyekufa Uhud deni lake lilifuatiliwa mpaka likalipwa, itakuwaje kwa babu yako? Mtu anayetaka kumuenzi mzee wake aliyekwenda vitani, na aanze kwa kuuliza: aliacha deni kwa nani?

Na ipo bishara kwa sisi tuliobaki. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa anayeiangalia kwa wema familia ya mpiganaji, naye huwa kama aliyepigana. Askari wa hapa petu anayelinda mpaka, au aliye katika ulinzi wa amani nchi za mbali, ana mama anayeteka maji na watoto wanaohitaji madaftari. Kumpelekea mama yule kipimo cha unga ni bora kwetu kuliko hotuba ndefu.

Ama kusimama kimya kwa dakika moja na kuweka mashada, hayo ni mila za kiserikali. Aliyealikwa penye hadhara hiyo na asimame kwa adabu, na moyoni mwake aombe dua, kwani maiti wetu hanufaiki na kimya chetu wala ua letu. Hunufaika na dua, sadaka, deni lililolipwa na mtoto mwema anayemwombea.

Ambaye hakurudi wala hakuzikwa

Lipo jambo la kisheria ambalo limeziumiza nyumba nyingi hapa. Mtu alikwenda, habari zikakatika. Mkewe hakujua kama ni mjane au mke. Wapo mabibi waliongoja mpaka wakazeeka, na kila gari likisimama huchungulia. Fiqhi humwita mtu huyo mafqud, yaani aliyepotea. Sayyidna Umar (r.a.) alihukumu kwamba mke wake angoje miaka minne, kisha akae eda ya miezi minne na siku kumi, na hapo awe huru kuolewa, Imam Malik ameifuata hukumu hiyo. Katika kauli ya baadaye ya Imam Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo tuliyoyakuta kwa wazee wetu, mke hungoja mpaka ipatikane yakini ya kifo au talaka. Na mali ya mafqud haigawiwi mpaka kifo chake kithibitike au hakimu akihukumu.

Tunalitaja hili kwa sababu mashamba ya watu waliopotea yangalipo. Mikorosho imepandwa juu yake, wajukuu wanagombana, na hakuna aliyekwenda kwa sheikh wala mahakamani. Anayetaka amani ya ukoo wake asilirithishe jambo hili kwa kizazi kingine. Na kama kifo kimethibitika na maiti hakusaliwa, tukumbuke kuwa Mtume (s.a.w.) alimsalia Najashi, mfalme wa Uhabeshi, naye yuko mbali. Waulizeni masheikh wenu juu ya sala ya ghaibu.

Daftari la majina

Kwa hayo yote, kamati ya msikiti wetu imefungua daftari. Halina urembo, ni daftari la kurasa nyingi, lenye mistari. Tunawashauri na wenzetu wa Masasi, Tandahimba, Nanyumbu na kwingineko wafungue la kwao. Tumejifunza kwamba kuuliza jina moja hakutoshi. Mtu wa uwanda huu alizaliwa na jina moja, akatoka jandoni na jina la pili, akasilimu au akasoma chuoni kwa jina la tatu, na karani wa jeshi akaandika la nne kama alivyolisikia. Yaandikeni yote. Andikeni jina la baba, kwa kuwa ndiyo nasaba katika dini yetu. Na andikeni jina la mama na ukoo wake, kwa kuwa hapa kwetu habari za mtu hutunzwa na wajomba na wapwa. Mara nyingi watoto wa marehemu hawajui lolote, na mpwa wake anajua mpaka wimbo aliokuwa akiupenda.

Andikeni kijiji alichotoka, vita alivyokwenda, alichukuliwa kwa nguvu au kwa hiari, alirudi au hakurudi, kaburi lilipo, na kama lipo deni. Waandikeni na waliorudi, waliokaa kimya miaka hamsini bila kusimulia walichokiona, na usiku wakapiga kelele usingizini. Waandikeni wanawake waliopika, waliobeba na waliobaki na watoto katika njaa. Wala msimwache aliyepigana upande wa pili. Katika ukoo mmoja huenda mmoja alikuwa na Mjerumani na mwingine na Mwingereza, na wote wawili ni babu zenu. Kama marehemu alikuwa na mabaya yake, tumekatazwa kuwatukana wafu, kwa kuwa wamekwishafika kwa waliyoyatanguliza.

Medali, barua, picha na vitambulisho vya zamani vitunzeni. Tumesikia vinauzwa kwa bei ya chumvi kwa wapita njia. Mtoto wa shule na atumwe kwa bibi yake akiwa na kalamu, amsikilize bila kumkatiza. Bibi akichoka, arudi kesho. Lakini asikawie sana.

Katika juma la 25 Julai, baada ya sala ya Ijumaa, tutayasoma majina yaliyopatikana na kuwaombea waliokufa Waislamu maghfira, na kuwaombea walio hai salama. Hatukuifanya siku hiyo kuwa idi wala ibada mpya. Ni wakati tu ambao watu wapo, kabla ya msimu wa korosho kuwatawanya. Majirani zetu Wakristo nao wana watu wao katika vita hivyo hivyo, na wakitaka kuleta majina yao yaandikwe, kurasa zipo. Waliobeba mzigo mmoja hawakuulizwa dini.

Basi usiku wa leo, mkimaliza kula, mzee wa nyumba na aulizwe: ni nani kwetu aliyekwenda? Akitaja jina, liandikeni kabla taa haijazimwa.

Allah awarehemu waliotutangulia, awape subira wajane na mayatima, ailinde mipaka yetu kwa amani, na atukinge sisi na watoto wetu na fitina za vita. Amin.

Wabillahi tawfiq.